Kamene wa Tala

Tala, 18 Januari 2025

Kwa wajina wangu Kamene,

Habari ya Athi River, na habari ya mguu? Sisi huku Tala tuko salama. Mama anakusalimia, anasema unywe supu ya miguu ya ng'ombe mpaka huo mfupa ujue kazi yake. Mimi ni mzima, ila mgongo, na huo unaujua.

Katunge ameniambia vile ulianguka kwenye ngazi za kiwandani ukavunja mguu na simu siku moja. Nilicheka kidogo kabla ya kusikitika, unisamehe. Kwa kuwa fundi wako wa simu bado anaahidi tu, tutaandikiana kama watu wa zamani. Katunge huleta mboga huko kila Alhamisi, atabeba na barua.

Najua kukaa ndani kunakuua. Kwa hiyo nakutumia Gameboy yangu, kile kimashine cha michezo nilichokipata kibandani ndani ya belo ya midoli ya mitumba. Usitafute mchezo ndani yake. Hata mimi nilidhani kaseti yake imeharibika, maana kioo kinaonyesha nambari na herufi tupu, mpaka nikaona mzungu mmoja kwenye YouTube akitengenezea muziki. Zile nambari ni noti. Mashine ina sauti nne, basi. Mbili zinaimba kama filimbi, moja ni nzito ya chini, na ya nne haiimbi, inafanya shhh kama mtu anapepeta mahindi. Kila sauti ina njia yake, unaijaza kutoka juu kwenda chini, kisha unabonyeza START. Nimeihangaikia mwaka mzima na nimetoa nyimbo mbili ambazo hata mbuzi hawazipendi.

Inakula mawe manne ya tochi. Usiishike ukiwa unakula. Na kumbuka nakuazima, si kukupa.

Dada yako na wajina wako wa kwanza,
Kamene


Athi River, 8 Februari 2025

Kwa dada yangu, wajina wa kwanza (kwa miezi mitatu tu, tusisahau),

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mguu unaendelea, ila unawasha ndani ya plasta na siwezi kuufikia hata kwa sindano ya kufumia. Supu nimekunywa mpaka Njambi, jirani yangu, anasema nanukia kwato.

Dada, umenifanyia nini na hii mashine? Siku mbili za kwanza niliitukana. Ya tatu nikagundua kwamba vidole vyangu vinajua kazi hii. Kiwandani nashona mfuko wa suruali mmoja mara mia tisa kwa siku, na hii ni hivyo hivyo, unarudia kitu kidogo bila kuchoka mpaka kikae sawa.

Unakumbuka susu, nyanya yetu, akisuka maziwa kwenye kitete, kile kibuyu chake, na ule wimbo wake usio na maneno? Nimeutoa. Mtu akiusikia atajua kwa nini baba zetu, ndugu wawili, kila mmoja alisisitiza binti yake wa kwanza aitwe Kamene kama mama yao. Nimetumia sauti tatu. Ya nne, ile ya shhh, nataka iwe maziwa yenyewe yakipiga ndani ya kitete. Alikuwa anakitikisa vipi? Mara mbili halafu anapumzika, au mara tatu? Mimi nilikuwa nakuja Desemba tu, wewe ndiye uliyelelewa naye. Nimeacha njia ya nne wazi, nangoja jibu lako.

Wajina wako mdogo,
Kamene


Tala, 1 Machi 2025

Kwa wajina,

Natumaini mguu unapona. Hapa tuko, jua ni kali na mvua hatujui iko wapi.

Nimesikia wimbo wako. Katunge alirekodi kwa simu yake ulipomchezea, akaja kuniwekea kibandani kati ya marundo ya suruali. Wateja wawili waliacha kujipima nguo wakauliza hiyo ni ya nani. Zile zangu mbili hakuna aliyewahi kuuliza. Nitakwambia wazi, kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kufichana: nimeona wivu. Si ule wa kuchekea. Nilimwambia Katunge azime kabla haujaisha.

Mwaka mzima nimekodolea macho kile kioo kisicho na taa. Wewe wiki tatu, tena mguu ukiwa juu ya mto. Na ule wimbo, Kamene, ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyelala kitanda kimoja na susu miaka kumi na moja, nikaamshwa na kile kitete kila asubuhi. Wewe ulikuja Desemba, ukanywa maziwa, ukapanda gari la kurudi.

Kuhusu kitete, sikumbuki kilitikiswa vipi.

Sauti ya chini umeiweka kubwa mno.

Dada yako,
Kamene


Athi River, 30 Machi 2025

Kwa dada yangu mpendwa,

Hujambo, na mama hajambo? Mimi sasa natembea kwa magongo mpaka mlangoni na kurudi. Daktari anasema mpaka mwisho wa Mei.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikalia, ya tatu nikapunguza sauti ya chini. Ulisema kweli, ilikuwa kubwa mno.

Sasa nikupe habari. Njambi haelewi Kikamba hata neno moja, lakini aliupenda wimbo, akaurekodi na kuutuma kwa redio ya Kikamba bila kuniuliza. Wameucheza. Wameucheza mara tatu wiki hii. Waliuliza mtunzi ni nani, Njambi akaandika "Kamene wa Tala", maana ndivyo huwa najitaja hapa kwenye ploti tunayopanga. Sasa wanataka mtunzi aende kuucheza mbele ya watu mjini Machakos, Jumamosi tarehe 26 Aprili, na redio itakuwa hewani. Watampigia wapange naye. Bwanake Njambi ana maswali mengi akiona namba asizozijua, kwa hiyo nikawapa yako. Wakipiga, waambie nitafika hata kama ni kwa kubebwa.

Dada, nikwambie kitu. Kiwandani miaka sita hakuna anayeniita jina. Mimi ni Laini ya Nne, Mashine ya Kumi na Saba. Nataka mara moja tu nisimame mahali, mtu aite Kamene, na watu wageuke waniangalie mimi.

Wajina wako mdogo,
Kamene


Tala, 12 Aprili 2025

Kamene,

Redio hawajapiga. Labda wamepata mtu mwingine, unajua mambo ya redio.

Nirudishie Gameboy na Katunge Alhamisi. Kuna mtu anataka kuiona.

Kamene


Athi River, 17 Aprili 2025

Kwa dada,

Mashine hiyo hapo, nimeifunga kwa leso nikaweka mawe mapya. Msalimie mama, na Pasaka njema kwenu.

Kama hawajapiga, hilo si kosa lako. Nilikuwa nimeshamwambia Njambi anisuke nywele, lakini nywele hazipotei bure.

Tafadhali wimbo usiufute. Njia ya nne bado iko wazi. Siku ukikumbuka, ijaze wewe.

Wajina wako mdogo,
Kamene


Athi River, 27 Aprili 2025

Kamene,

Leo sikuulizi habari, kwa sababu jana nilizisikia.

Njambi alikuwa anapika chapati na redio imewashwa. Mtangazaji akasema, sasa tumkaribishe Kamene wa Tala. Unajua nilifanya nini? Nilisimama. Nilisahau magongo, nikasimama kwa mguu mmoja katikati ya nyumba ya watu, nikidhani nimeitwa. Kisha nikasikia sauti yako. "Asanteni sana. Mimi ni Kamene, na hii ni wimbo ya susu yangu, niko nayo tangu nikiwa mdogo." Watu wakapiga makofi na Njambi akaacha chapati ikaungua.

Nitasema nini, kwamba umedanganya? Jina ni lako. Tala ni kwenu. Hata kitambulisho chako kinakubali. Hakuna mahali popote ninapoweza kwenda kushtaki kwamba Kamene amejiita Kamene.

Halafu wimbo ukaanza, na njia ya nne imejaa. Mbili, anapumzika. Tatu, anapumzika. Kisha ile moja ndogo ya mwisho, ya kusikiliza kama siagi imeshika. Nilipoisikia nikajua ndiyo yenyewe, na mimi kwa akili yangu nisingeipata kamwe. Uliniambia hukumbuki. Mimi ukaninyima, kisha ukawapa Machakos nzima.

Umeniambukiza wivu wako, na mimi nimeugua kuliko wewe. Sina wivu na jukwaa. Nina wivu na hiyo miaka kumi na moja ya kuamshwa na kitete, na hakuna nambari ninayoweza kuandika kwenye mashine ile nikaipata.

Uliponitumia Gameboy uliniandikia maneno ambayo leo nakurudishia. Jina nakuazima, si kukupa.

Kamene


Tala, 15 Mei 2025

Kwa Kamene, dada yangu,

Salamu kwako, na kwa mguu wako uliosimama bila magongo kwa ajili yangu mimi nisiyestahili. Mama hajambo. Hajui lolote, ila ameuliza kwa nini Katunge amerudi Alhamisi mbili mikono mitupu, nikamwambia una shughuli.

Walipiga tarehe 2 Aprili. Mtangazaji aliuliza, "Ni Kamene wa Tala?" Nikasema ndiye. Nilijibu kabla sijafikiri, kwa sababu ndivyo ninavyojibu kila siku nikiulizwa. Hilo lilikuwa kosa tu. Akaendelea kusifu wimbo, nami nikaendelea kunyamaza, na huo ulikuwa wivu. Nilikuwa na siku ishirini na nne za kumpigia tena. Badala yake nikakuandikia wewe uongo, na nikaenda kununua viatu.

Mashine ilipofika niliifungulia kibandani. Nilipoona ile njia ya nne wazi, nilikaa juu ya belo nikalia mbele ya wateja. Sikuwahi kusahau kitete. Nilikujazia palepale, bila kukosea hata mara moja, na baada ya mwaka mzima hicho ndicho kitu cha kwanza kizuri nilichowahi kuandika ndani ya mashine ile. Ningekutumia jibu na Katunge siku hiyo hiyo ningekuwa mtu. Nilikwenda Machakos.

Makofi niliyapata. Niliyasikia kama ya jirani.

Juzi nimewapigia redio kuwaambia ukweli. Nikasema, "Ule wimbo si yangu." Akauliza, "Ni ya nani, madam?" Nikasema, "Ni ya Kamene." Akasema, "Si wewe ndio Kamene?" Nikamwambia ndiyo, lakini Kamene ni mwingine. "Kamene gani sasa?" Nikasema wa Tala. Aliniambia nipumzike kidogo, kisha akasema watu wanaomba wimbo, nirudi Jumamosi tarehe 24.

Kwa simu haitawezekana, Kamene. Itabidi waone kwa macho. Nakuja kukuchukua Ijumaa, na pikipiki nimepanga na mtu anayeendesha polepole. Mwambie Njambi akusuke nywele vizuri.

Gameboy nakutumia na barua hii, njia zote nne zikiwa zimejaa. Hiyo nakupa, si kuazima. Utaibeba wewe mpaka jukwaani. Mimi nitakaa mstari wa mbele, na akiita Kamene wa Tala, sitainuka.

Wajina wako,
Kamene