Barua Iliyoshonewa Kwenye Koti

Mshauri wetu, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo shangazi wa mke wangu anakuja kutusuluhisha. Mimi ni fundi cherehani, miezi mitatu iliyopita nilijitolea damu, nikapigiwa simu nirudi, muuguzi akaniambia nina homa ya ini aina ya B, akanipa barua ya rufaa niipeleke kliniki ya ini, ambayo hufunguliwa Jumanne, nami kwa aibu nikaishonea ndani ya bitana ya koti langu la harusi mke wangu asiione, nikajitengea kikombe na sahani, nikahamia chumba cha cherehani ili nimlinde yeye na mimba yake, ambayo sasa ina miezi saba, naye akaniuliza kama nina mwanamke wa nje, nikasema ndiyo, kwa sababu lilikuwa jibu fupi. Sasa anataka jina lake na anapokaa. Nimtaje nani?

Fundi, chumba cha cherehani

Fundi,

Pole. Miezi mitatu ya kulala na cherehani si mchezo, na aibu yako naielewa. Huruma yangu inaishia hapo. Hawara asiyekuwepo sitamtafutia jina.

Kikombe hakina kosa. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula wala kunywa pamoja. Hupita kwenye damu, kwenye kitanda cha ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Umehama kitandani miezi mitatu, mimba ina saba. Wewe kazi yako ni kupima, hebu hesabu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Hawakumfikiria anayeyapigia mshono.

Mke wako apimwe wiki hii hii kliniki ya wajawazito. Akikutwa salama, achanjwe. Akikutwa nao, atatibiwa ipasavyo. Kwa vyovyote, mtoto apate chanjo ndani ya saa ishirini na nne za kuzaliwa, na wakunga waambiwe mapema. Wewe Jumanne uwe kliniki. Huenda usipewe dawa sasa, ila lazima ini lako lifuatiliwe, maana linaweza kuharibika miaka mingi bila kuuma.

Leo chukua mkasi, fumua hilo koti. Mke wako akiuliza tena huyo mwanamke ni nani, mpe barua aisome mwenyewe. Shangazi akifika Jumamosi, mnyweshe chai kwa kile kikombe chako.