Mkanda Ulilia, Nikamwita Fundi Mwizi

Jumatano, Nyegezi. Ziwa limeamka na hasira. Tangu alfajiri upepo unang'oa mabati, na mawimbi yanapiga miamba kama mtu anayetaka kuvunja mlango. Afadhali. Siku tulivu leo ingeniumiza zaidi.

Shajara yangu, nina shavu lililovimba na mbavu zinazochoma kila nikivuta pumzi. Ngoja nikueleze, maana wewe hunikatizi.

Jana nusura niue mtu.

Sikushika panga. Nilitumia mdomo, huu huu ninaohubiria.

Unalijua gari letu la huduma, tunaloliita mkonga kwa lile bomba la hewa lililopanda ubavuni mpaka juu ya paa. Tunavuka nalo kwa kivuko kwenda vijiji vya Sengerema, tunapita matope na mashimo, tunafunga spika, tunahubiri. Spika zile zinakula umeme vibaya. Betri ilikuwa inakufa katikati ya wimbo wa kuabudu, watu wanatawanyika, na shetani anapata kicheko cha bure. Ndipo Magesa, fundi umeme wa magari hapa karibu na stendi, akanifungia alteneta kubwa. Alteneta ndiyo inayotengeneza umeme wa gari injini ikizunguka, nayo inazungushwa na mkanda wa mpira. Kumbe mkanda ule ndio ungenifikisha hapa.

Magesa ni kama mdogo wangu. Wanawe pacha, Kulwa na Doto, niliwaombea mimi walipozaliwa.

Siku aliyomaliza kufunga, taa ziliwaka kama za uwanja wa mpira. Asubuhi yake, kabla sijafika Butimba, mkanda ukaanza kulia. Ulilia kama nguruwe aliyeona kisu. Taa nyekundu ya betri ikawaka, umeme ukashuka. Nikarudi kwa Magesa, akaufuta mkanda, akaukaza, gari likalala gerejini kwake likaamka zima. Nikalipeleka nyumbani, asubuhi, yowe lile lile. Akafunga mkanda mpya. Akasugua kutu pale waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, unaposhika chasisi. Akapima kwa mita nikiwa nimesimama naye, kila kitu kizuri. Nikalaza gari kwangu, asubuhi likalia tena.

"Mwinjilisti," akaniambia, "hili gari likilala kwangu linaamka salama, likilala kwako linaamka na mapepo. Hebu kaikemee nyumba yako kwanza."

Alikuwa anatania. Mafundi wenzake wakacheka. Mimi neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa sangara.

Na kulikuwa na harufu. Kila mkanda ulipolia nilisikia harufu ya maandazi. Nikadhani ni mama ntilie wa barabarani.

Jana tulikuwa tunatoka kwenye mkutano ng'ambo, mimi na mke wangu, Mama Neema. Mvua ya mawe ikatukuta kwenye mteremko wa utelezi. Mawe yalipiga paa mpaka hatukusikiana. Mbingu ikawa nyeusi mchana kweupe. Mkanda ukapiga yowe, taa zikafifia, waipa zikasimama katikati ya kioo. Nikawa kipofu. Gari likateleza, likabamiza ukingo wa barabara, na Mama Neema akapasuka paji la uso kwenye dashibodi.

Damu yake ilimwagika mpaka kwenye kitenge.

Injini ya dizeli haitegemei umeme, haikuzimika, ikatuvuta mpaka kivukoni. Kwenye maji sikuomba hata sala moja. Nilikuwa nasaga meno. Kufika upande wa pili nilikuwa nimeshaihukumu kesi: Magesa kaninyofolea alteneta nzuri, kanifungia mbovu, na likilala kwake anairudisha ile nzuri kwa muda, ndiyo maana gari linapona likiwa kwake tu.

Nilimwacha Mama Neema zahanati ashonwe, nikaenda gerejini. Magesa alikuwa chini ya gari la mteja. Akatoka anafuta mikono.

"Shikamoo, Mwinji..."

Nilimpiga kofi kabla hajamaliza. Spana ilikuwa mkononi mwake. Hakuiinua.

"Mzee, kuna nini?"

Nikapaza sauti, ile ya kuhubiria bila spika. "Mwizi! Mwizi huyu hapa!"

Stendi ile haiombi ushahidi wa neno hilo.

Walitoka kila upande, wapiga debe, bodaboda, hata watu wenye mabegi ya safari. Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata mdomoni, akatema jino. Mtu akamshushia nondo mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Mwendesha bodaboda mmoja akaita, "Tairi! Leteni tairi!" Akanigeukia akitabasamu, kama mtu aliyenibebea mzigo.

"Usihofu mzee, tunakumalizia."

Tabasamu lile ndilo lililoniamsha. Nikajitupa juu ya Magesa. Nikalia kwamba basi, mwacheni, basi. Nani alisikia? Teke likanipata mbavuni, jiwe shavuni. Mafundi wenzake wakaja na nyundo, wakawapiga watu na wakapigwa, mpaka wakatuburuta ndani na kufunga geti.

Niseme ukweli wote. Hata nilipokuwa nimemlalia, niliamini kaniibia. Sikutaka tu afe juu ya neno langu.

Leo asubuhi nimeamka nikafanya kama kila siku. Nikafungua boneti, nikachukua chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa, nikaanza kuombea gari. Zamani nilikuwa napaka boneti kwa nje. Tangu alteneta mpya ifungwe namimina juu yake yenyewe, maana kitu kipya lazima kiwekwe wakfu. Leo mbavu zilinichoma nilipoinama, yakamwagika mengi. Nikayatazama yanavyoshuka. Yalipita juu ya chuma, yakaingia kwenye puli, kile kigurudumu kinachobeba mkanda, yakatulia chini ya mkanda.

Mafuta juu ya mkanda wa moto: ndiyo ile harufu ya maandazi.

Nilikaa chini kwenye tope. Gerejini hakuna aliyeliombea gari, likaamka zima. Nyumbani niliombea mkanda mpaka ukakosa pa kushika, ukateleza, ukaungua. Mwenye mapepo nilikuwa mimi na chupa yangu.

Nikaenda kwa Magesa nikiwa hivyo hivyo na tope. Mkewe, Mama Kulwa, alifungua mlango, hakunisalimu. Magesa alikuwa kwenye mkeka, mkono umefungwa plasta, mdomo una nyuzi. Nikapiga magoti nikaeleza yote, chupa na kila kitu.

Akanitazama sana. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Yaani nimevunjwa mkono na mafuta ya upako?" Akashika mdomo. "Usinichekeshe, Mwinjilisti, nyuzi zitaachia."

Mama Kulwa hakucheka. "Baba Neema, wanangu leo hawakwenda shule. Wenzao wanawaita watoto wa mwizi. Wewe una sauti. Jina la mume wangu umeliacha pale stendi chini ya mawe. Kaliokote."

Nikaenda moja kwa moja. Nikasimama palepale, damu yake bado iko kwenye changarawe. Nikavuta pumzi mbavu zikanichoma. "Magesa si mwizi! Kosa ni langu!"

Muuza mahindi alinitazama, akaendelea kugeuza mahindi yake. Mpiga debe akauliza, "Mzee, unasafiri?" Yule aliyeitisha tairi alipita na abiria, hakugeuza shingo.

Mwizi, na umati ulikuja mbio. Si mwizi, na hakuja hata mbwa.

Nilirudi kwa Magesa kumwambia nimeshindwa. Akaniita nisogee. "Osha puli zote kwa maji ya sabuni ya unga. Zikauke kabisa ndipo ufunge mkanda mpya. Usipofanya hivyo, spika zitakata kabla hujafika kwenye jina langu."

Nimeosha. Nimefunga. Nimewasha injini na spika pamoja, na mkanda umekaa kimya kama mtoto aliyeshiba. Chupa nimempa Mama Neema aiweke mbali na mimi.

Kesho sivuki kwenda Sengerema. Nitaegesha mkonga palepale stendi, spika zielekee kwenye yale mawe. Nitaomba mikono ikiwa nyuma, bila chupa, kisha nitaanza na jina lake, kabla ya wimbo wowote.

Nami sitazima mpaka muuza mahindi aache kugeuza mahindi yake.