Kadi Mbili za Salma

Jumatatu, 2 Februari
Baada ya alfajiri nimesoma luku, mita yetu ya umeme, kama kawaida. Unit tisa zimekwenda tangu jana. Mita moja, vyumba sita, na kila mpangaji anamtazama mwenzake.

Jana kwenye kikao waliniuliza mimi umeme unaliwa na nini, kwa kuwa nilifundisha fizikia. Nikachukua boksi la kadi ya grafiki ya Salma, mpangaji wa chumba cha pili yangu, kile kifaa kinachochora picha ndani ya kompyuta. Limeandikwa wati 250. Nikazidisha kwa saa ishirini na nne. Unit sita kwa siku, nikasema. Mama Rehema, muuza barafu, akapiga makofi: "Si niliwaambia? Hiyo si kompyuta, ni mashine ya kusaga!" Mwenye nyumba akampa Salma hadi Jumamosi awe amehama. Anahariri video za harusi humo chumbani, ndiyo kazi yake. Hakubisha. "Sawa, Mwalimu," akasema.

Nimechoka.

Jumanne, 3 Februari
Sikutulia. Boksi linataja kilele, halisemi kinacholiwa. Na nani anafanya kazi saa ishirini na nne? Miaka thelathini niliwaambia wanafunzi: pima kwanza, ndipo useme. Mimi nimesema kwanza. Aibu.

Nimetoka Kipawa hadi Buguruni kuazima kipima umeme kwa fundi friji. Unakichomeka ukutani, kisha kifaa unakichomeka juu yake, namba zinaonekana. Magoti yanauma.

Jumatano, 4 Februari
Salma amenifungulia bila kuuliza kitu. Chumba kina joto, feni imezimwa. Nguo zimo kwenye mabegi tayari.

Kadi haipimwi peke yake. Ni kama mtoto asiyetulia kwenye mizani ya kliniki: mama anapimwa amembeba, kisha anapimwa bila yeye, unatoa. Kompyuta ikifanya kazi bila kadi: wati 60. Ikiwa na kadi kubwa, imetulia: 85. Ikitoa video iliyokwisha kuhaririwa: 270. Basi kadi yenyewe inavuta kama 210, tena wakati wa kazi tu. Anayo nyingine ndogo, mpya zaidi. Kwa kadi hiyo, jumla ni 150. Inachelewa kidogo, anasema.

Tumeirudisha ile kubwa, ndiyo inayoshtakiwa. Kipima nimekiacha hadi kesho.

Alhamisi, 5 Februari
Siku nzima, pamoja na saa mbili za kutoa video, kompyuta ikizimwa kazi ikiisha: unit moja na punje. Niliwaambia sita.

Sasa zinakwenda wapi? Mama Rehema hakutaka niguse friji lake la barafu. "Anza na lako, Mwalimu!" Alisema kwa kejeli. Nimeanza na langu.

Ijumaa, 6 Februari
Unit tatu na nusu. Friji langu. Mpira wa mlango umepasuka, mashine haipumziki. Alilinunua marehemu mke wangu. Ndani mna chupa mbili za maji na ndimu. Nimelizima.

Baada ya swala ya Ijumaa nimeitisha kikao. Nimesema nilikosea. Nimewasomea namba zote, ya kwangu mwisho. Mama Rehema: "Jamani, Mwalimu kajipa sifuri mwenyewe!" Wamecheka. Nami, kidogo. Mwenye nyumba amesema Salma abaki.

Salma hakucheka. Alinifuata hadi mlangoni kwangu. "Namba za leo nimeziamini, Mwalimu. Ila hata zile za Jumapili niliziamini. Tangu siku ile mie feni sijawasha."



Jumamosi, 7 Februari
Luku: unit tano na nusu tu tangu jana. Nimekunywa maji ya mtungi. Friji nimelifunika kitambaa. Kipima nitakirudisha Jumatatu, leo magoti hayataki.

Upande wa pili wa ukuta feni ya Salma inazunguka. Ubawa mmoja umelegea, unagonga. Nimeusikiliza.