Mimi Ndiye Niliyekwambia Usaini

Nyumba namba 14,
Nyumba za Watumishi,
Nyuma ya Mahakama.
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba sana. Habari za huko? Habari za kazi, na hiyo baridi unayoilalamikia kila barua? Kifua kimepona? Mara ya mwisho uliandika kwamba unakohoa, halafu ukanyamaza, na tangu hapo mtu yeyote akikohoa hapa nyumbani mama yako anakutaja wewe. Tafadhali tuandikie japo mstari mmoja kuhusu hicho kifua.

Sisi hatujambo. Mama yako amepata miwani mpya, sasa anaona vumbi hata pale ambapo halipo. Mkazamjomba wako ni mzima, ananisema kama kawaida yake, ila safari hii ana haki ya kunisema. Goti langu la kushoto ni lile lile.

Najua unashangaa. Mjomba gani huyu anayeandika kurasa nzima, wakati siku zote hujibanza na salamu zake kwenye kona ya barua ya mama yako? Nina jambo, mpwa wangu, na nimelizunguka kwa siku kumi. Karatasi tatu nimezichana. Hii ya nne siichani, hata ikitoka vibaya.

Kazi yangu unaijua, lakini acha niiseme wazi, maana humo ndimo aibu yangu ilimo. Miaka ishirini na sita niko Mahakama ya Juu. Nafungua mlango majaji wanapoingia, napaza sauti "Kooorti!" watu wasimame, naita namba za kesi, napeleka majalada mezani, najaza maji kwenye glasi. Basi. Sheria sijaisoma hata siku moja. Lakini lile joho jeusi wanalonivalisha lilinipanda kichwani. Nyumbani mkaanza kuniita Mheshimiwa kwa utani, nami utani nikaugeuza cheo. Mtu akija na shida yake, nakaa vizuri, nakohoa kidogo, natoa hukumu. Neno "sijui" lilikuwa halipiti kooni mwangu.

Sasa sikiliza. Alhamisi ya tarehe sita majaji walisoma hukumu kabla ya kwenda likizo. Jopo lote la watano, hukumu nne kwa mkupuo, na mimi siku kama hiyo husimama mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho, natoka tu kupeleka maji mezani, siruhusiwi hata kuegemea ukuta.

Hukumu ya kwanza ilihusu mpangaji. Mahakama ikasema mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango ili mpangaji ahame. Lazima kwanza apate amri ya mahakama, na asipoipata amevunja sheria. Nikamkumbuka fundi cherehani wetu wa mtaa wa chini, yule aliyekushonea sare za shule. Mwenye nyumba alipotaka nafasi ya mwanawe, alimng'olea mlango asubuhi huku yeye yuko ndani anapiga pasi. Alikuja kwangu mbio, sindano bado zimechomekwa kifuani. Nikamwambia nyumba si yako mama, mwenye mali akitaka mlango wake huwezi kumzuia. Akahama na cherehani yake siku ile ile. Basi pale mlangoni nikajisemea, haya, hii moja nimekosea, nani asiyekosea.

Ya pili ilikuwa ya ardhi. Njia ambayo watu wameipita kwa miaka ishirini, mwenye shamba hawezi kuamka siku moja akaiziba kwa seng'enge. Hiyo nilikuwa nimeipatia! Nilishawahi kuisema hivyo hivyo kwa majirani wa nyuma. Niliipatia kwa kubahatisha tu, lakini mpwa wangu, kifua kilinijaa, nikajinyoosha pale mlangoni utadhani hukumu nimeiandika mimi.

Ya tatu ikanirudisha chini. Askari hana haki ya kufungua simu ya mtu na kusoma yaliyomo bila kibali cha mahakama. Unamkumbuka kinyozi wa pale kona, mwenye redio kubwa? Askari walimvamia dukani wakitafuta simu ya wizi, wakataka aifungue yake. Mimi nilikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikamwambia kwa sauti ya kazini, fungua bwana, serikali haikataliwi. Akafungua. Askari mmoja akaanza kusoma ujumbe mmoja mmoja mbele ya wateja, zikiwemo barua pepe za mapenzi ambazo hazikuwa za mke wake. Watu walicheka hadi machozi, nami nilicheka. Mke wake hakucheka. Hadi leo kinyozi yule ananyoa peke yake na kupika peke yake. Sisemi kwamba hakuwa na kosa lake, lakini mlango wa kosa lake nilimfungulia mimi.

Ya nne ilikuwa ya kazi. Dereva wa lori alifungiwa chumbani na wakubwa zake tangu asubuhi hadi mchana, akalazimishwa kusaini barua kwamba ameacha kazi kwa hiari yake. Jaji Mkuu akasoma polepole, yule mama ana sauti ndogo lakini haipotei. Akasema barua iliyosainiwa na mtu aliyefungiwa, bila nafasi ya kumuuliza anayeijua sheria, si barua ya kuacha kazi. Ni kufukuzwa bila kusikilizwa. Kisha akasema wote waliotolewa kazini kwa barua za namna hiyo ndani ya miaka mitano iliyopita wanaweza kufungua shauri upya, mradi wafanye hivyo ndani ya siku tisini.

Mpwa wangu, nilitamani ardhi ipasuke. Glasi ya maji niliyokuwa napeleka mezani ilimwagika, na katika miaka yote ile sikuwahi kumwaga hata tone. Jaji mmoja alinitazama juu ya miwani. Nilipangusa meza kwa mkono wa joho.

Wewe unaikumbuka ile simu kuliko mimi. Miaka minne na miezi minane. Walikufungia kwenye ofisi ya meneja wa kiwanda cha maziwa, wakisema wewe mpimaji ndiye uliyepitisha tangi la maziwa yaliyochacha. Wakakuruhusu kupiga simu moja tu, na kati ya watu wote duniani ukanipigia mimi. Ulikuwa unalia. Ulianza kuniambia kwamba mashine ya kupozea ilizimika usiku na uliandika kwenye kitabu cha zamu. Sikukuacha umalize.

Nitakwambia kwa nini, na hili sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa kwenye korido, na kando yangu walisimama mawakili wawili vijana wanasubiri kesi yao. Niliona wametega sikio. Nikataka wasikie kwamba na mimi ni mtu wa kuulizwa. Basi nikapandisha sauti: "Saini! Usibishane na mwajiri. Ukikataa ni jela hiyo." Nikakata simu, nikawatingishia kichwa wale vijana, mmoja akatabasamu. Kwa tabasamu la mtu nisiyemjua jina nilikuuza, mwanangu.

Ukasaini. Ukakosa kazi, ukakosa na barua ya kukusifu, hakuna kiwanda kilichokutaka tena, ukaenda huko mbali kufagia ofisi za watu. Na siku unaondoka, pale uani kwa mama yako, dada yangu alisimama mbele ya watu wote akanishukuru. Alisema bila Mheshimiwa, binti yangu angekuwa gerezani. Nawe ukanishika mkono ukasema asante mjomba. Nikaipokea. Nikasema si kitu, ndiyo kazi yetu. Kila nikikumbuka lile "si kitu" naona joto masikioni.

Baada ya ile Alhamisi nilikaa siku mbili bila kutoka nje. Mkazamjomba wako akadhani ni goti. Jumamosi nilipiga moyo konde nikaenda kwa mama yako, nikamwomba bahasha yako ya kahawia. Aliitoa kwenye sanduku, chini ya mashuka, hajaifungua tangu uondoke. Ndani kuna nakala ya ile barua. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, meneja ameandika hivi: mfanyakazi alipewa nafasi ya kushauriana kwa simu na ndugu yake, ofisa wa Mahakama ya Juu, naye akamshauri asaini.

Unaona walivyojikinga? Hukumu inawasaidia wale ambao hawakupata wa kuwashauri. Wewe wakubwa wako watasema ulimpata, tena mkubwa, tena wa mahakama ya juu kabisa. Kikwazo chako ni mimi. Wenzako wote waliofungiwa vyumbani wana njia, ila wewe njia yako imezibwa na mjomba wako.

Nilimwambia mama yako yote, pale pale, sakafuni kando ya sanduku. Nilidhani atapiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Na mimi nikakushukuru." Tangu siku hiyo haniiti tena Mheshimiwa. Ananiita kwa jina nililopewa na wazazi, na kila akiliita nageuka nikidhani anamwita mtu mwingine.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili, mwanamke mmoja ambaye huingia mahakamani kwetu karibu kila wiki, sikuwahi kumwona anapiga mtu chenga. Nilimfungulia mlango miaka mingapi, siku hiyo akanifungulia yeye. Akaisoma barua yako mara mbili. Akaniuliza, "Mzee, hapa wameandika ofisa. Wewe ni nani hasa?" Nikasema mimi nafungua mlango. Akauliza kama nimesoma sheria. Nikasema hapana. Akauliza kama siku ile nilijua sheria ya kazi inasemaje. Mpwa wangu, alisogeza kiti karibu anisikie. Nikasema sijui. Sikujua. Nilijifanya. Akachukua kalamu akasema hayo hayo ndiyo tutayaandika, lakini utaapa, na msajili wako atayasoma.

Msajili wa mahakama ameshayasoma, maana nilimpelekea mwenyewe kabla hajaletewa na wengine. Mtumishi wa mahakama haruhusiwi kumshauri mtu kuhusu sheria, nami nimeshauri mtaa mzima. Amenivua joho. Hakunifukuza, amesema nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu, basi nimalizie masjala, chini kule, kupanga majalada. Anayeita kesi sasa ni mwingine, na sauti yake ni nzuri kuliko yangu, lazima niseme. Kwa fundi cherehani nimekwenda. Kwa kinyozi nimekwenda pia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akawasha redio. Sikumlaumu.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya kiapo changu, kimepigwa mhuri. Ni ukurasa mmoja. Kifungu cha tatu kinasema mimi ni mhudumu wa mlango, si mwanasheria, na siku ile sikuijua sheria. Cha nne kinasema nilimwambia mpwa wangu asaini bila kumsikiliza, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakinisikiliza mimi. Wakili alitaka kukipunguza makali. Nikamwomba akiache. Na kitabu cha zamu ulichokitaja kwenye simu, wakili ameshaandika kiwandani wasikipoteze.

Siku ya tisini ni tarehe nne Septemba. Imezungushiwa wino kwenye kalenda ya mama yako.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Stempu moja haitoshi kubeba ombi hilo. Nimeona tu niyaseme mwenyewe, usije ukayasoma kwanza kwenye makaratasi ya kesi.

Mama yako anakusalimu. Ameniambia nisiandike mengine kwa niaba yake, yake atayaandika kwa mkono wake. Mkazamjomba wako anakusalimu, anasema ujifunike kifua na usiwe mkaidi. Dada zako wote wawili wanakusalimu, na yule mdogo anauliza kama huko mnaona mwezi huu huu tunaouona sisi.

Mungu akulinde ulipo, akupe nguvu za mikono na usingizi mzuri, na siku moja akurudishe ukae mezani kwetu huna cha kumwonea mtu haya. Haya zangu zinatosha nyumba nzima.

Jina la wakili na namba yake viko nyuma ya bahasha. Anasubiri neno lako: kama ufungue shauri au uache, kama urudi au ubaki huko. Najua utataka kuniuliza mimi, maana umezoea. Usiniulize, mpwa wangu. Sijui.

Akupendaye, ingawa alikupenda vibaya,

Mjomba wako,
mfungua mlango.