Nchi Ambayo Njia Zake Zote Zinatoka

Nyabiondo, Jumanne jioni

Nimekosea, na kosa lenyewe nimelichora kwa rula.

Wiki tatu nimeishughulikia ramani ya Ulonge, nchi niliyoibuni kwa ajili ya somo langu la jiografia. Ina reli mbili, madaraja kumi na moja, na barabara ya lami kutoka migodini hadi bandarini. Kesho wanafunzi wangejifunza kwayo jinsi mtandao wa usafiri unavyopangwa.

Leo jirani yangu Mama Riziki aliniletea unga wa muhogo, akaikuta ramani mezani. Aliifuata reli kwa kidole hadi baharini.

“Mwalimu, njia zako zote ziko zinatoka mu inchi. Mule ndani hakuna watu?”

“Wako, Mama. Vidoa hivi ni vijiji.”

“Basi mwenye mimba wa hapa juu, watamupitisha wapi? Ao wanamuke wa Ulonge hawazalake?”

Nilicheka peke yangu. Mwaka jana mkwewe, akiwa na uchungu wa kuzaa, alibebwa kwa kipoyi, machela ya miti, mabegani mwa wanaume wanne, kutwa nzima, na mtoto hakufika akiwa hai. Nililijua hilo. Nilikwenda kuzika.

Kinachoniudhi ni kwamba njia ile ya mlimani aliyopitishwa naipita kila siku, na bado sikuihesabu kuwa usafiri. Hoja yake haina mwanya. Nimetafuta.

Nimekwisha kufuta reli ya kusini. Mstari wa kwanza mpya ni mwembamba, wenye kona nyingi: unatoka kijiji cha juu kabisa hadi maternite, wanakojifungulia kina mama. Somo la kesho litaanzia hapo. Migodi itasubiri.