Kindege cha Shafiq Kisiruke Leo

Uwase mwanangu, chai iko kwenye chupa. Mumeo akirudi, mwambie asirushe kile kindege chake cha injini. ~~Akirudishe dukani.~~ Hapana, akae nacho. Ni cha bei rahisi, lakini mbao zake ni nyepesi na zimenyooka. Bawa amelipinda mwenyewe, fundi wetu wa cherehani: amepiga pasi upande wa juu tu, kama suruali ya mteja, na ile plastiki iliyofunika bawa ikipata moto inajikaza na kulivuta. Apige na chini, polepole.

Kibaya ni gundi pale injini inapokaa. Nimebonyeza kidogo, ikaachia. Asubuhi nilipomwambia, akasema mzee wa kutangatanga kama mimi atajua wapi mambo ya ndege. Sawa. Nimeenda Gitega kutafuta gundi. Propela ninayo mfukoni.

Baba mkwe wake