Uvimbe Uliogoma Mionzi

Dada Roza,

Shikamoo kutoka Ruaruke, kwenye joto na mbu. Nimemfuata Mzee Mkumba, yule mgonjwa wangu wa hospitalini mwenye saratani ya njia ya haja kubwa, ambaye uvimbe wake uligoma kupungua kwa mionzi. Nimemkuta amekonda, anakunywa uji mtupu. Mwenye duka jipya la dawa kamwambia mionzi imeshindwa kwa sababu alikula samaki, kisha kamuuzia chupa za vitamini. Bwana huyo juzijuzi alikuwa akiuza viatu vya mtumba. Leo kavaa koti jeupe, naye ni bingwa wa saratani!

“Kwa hiyo nimejiua mwenyewe, mwanangu?” mzee akaniuliza.

“Hapana, baba. Kuna uvimbe wenye alama ndani ya seli zake zinazoonyesha kuwa utahimili mionzi. Madaktari ndio kwanza wanazitafuta. Samaki hahusiki, wala wewe huna kosa. Upasuaji bado unawezekana.”

Alilia, Dada. Tangu Ramadhani alikuwa akijilaumu peke yake. Mkewe akatupa zile chupa jalalani, akapika wali kwa kambale. Mzee alikula, akaomba tena.

Jumatatu nakuja naye Dar. Tuombee, na unikumbatilie wanangu.

Mdogo wako,
Neema